Kusimama Karibu na Redio

Kipindi cha salamu kilipoanza, mshonaji alikuwa uani, mikono imezama kwenye povu la nguo hadi viwikoni.

"Mkwe!" sauti ilimfikia kutoka sebuleni. "Mkwe, imeanza kukwaruza!"

Alikung'uta povu, akajipangusa kwenye gauni, akaingia. Baba mkwe wake alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha, kichwa kimeinamia meza ndogo iliyobeba redio. Macho yake yalikuwa yamezima, lakini bado aliielekeza sura yake kwenye redio kama mtu anayemtazama anayezungumza naye. Mtaa mzima ulimwita Gadi, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi alikuwa gadi wa treni, yule anayekaa behewa la nyuma na kupuliza filimbi. Hata watoto waliozaliwa baada ya yeye kustaafu walimwita hivyo.

Mshonaji alishika antena, akaisogeza kuelekea nondo za dirisha, akairudisha kidogo. Mkwaruzo ukawa mvumo, mvumo ukatoweka, na mtangazaji akasikika kama yumo chumbani.

"Hapohapo!" Gadi akasema.

Mshonaji aliachia antena na kupiga hatua kuelekea uani. Sauti ikazama.

"Ah! Si umeona? Ukiondoka tu inakufa."

"Nina nguo kwenye maji, baba."

"Nguo hazikimbii. Simama."

Alisimama, kiganja kimekaa hewani karibu na antena bila kuigusa, bega limeelekea dirishani. Alikuwa amekwisha kulijua pozi lenyewe, kama vile mtu anavyojua upande wa kitanda usiopiga kelele. Redio nyingine zote za mtaani zilishika vizuri muziki na mahubiri, na hata hii ingeshika, lakini Gadi hakutaka muziki wala mahubiri. Alitaka stesheni moja, ya mbali, ambayo tangu lijengwe ghorofa la mkabala ilikuwa ikifika kwa kuchechemea. Kwenye stesheni hiyo wazee waliofanya kazi relini walitumiana salamu. Mara mojamoja mtangazaji alilisoma jina lake, "na mzee Gadi popote alipo," na maneno hayo matano yalimtosha wiki nzima. Angeyarudia akinywa chai, akiogeshwa, akivalishwa viatu.

Wifi wa mshonaji alipita na sahani ya karanga, akasimama kumtazama.

"Wifi, hivi hao wa redio walikuajiri lini?"

"Nenda zako."

"Nauliza tu. Maana hata mtangazaji mwenyewe huwa anapumzika wakipiga wimbo."

Gadi alimnyamazisha binti yake kwa kidole. Siku hiyo jina lake halikusomwa. Kipindi kilipokwisha, mshonaji alirudi uani na kukuta shati jekundu la mumewe limetoa rangi kwenye mashuka yote.

*

Ijumaa mama mkwe alipata mgeni, mwanamke aliyevaa saa kubwa na kuketi kwenye ncha ya kochi kama asiyetaka kuliazima. Walizungumza habari za arusi fulani. Mshonaji alikuwa amesimama dirishani.

Mgeni alivumilia kwa muda, kisha akashindwa. "Samahani, shoga. Huyu binti amekosa nini?"

"Hajakosa kitu," mama mkwe akasema. "Anashika redio."

"Anashika."

"Bila yeye haisikiki."

"Lo." Mgeni alimtazama mshonaji kuanzia miguuni kwenda juu, kama mtu anayekagua kabati. "Kila siku?"

"Kila siku kipindi kikiwapo."

"Angalau mmepata anayekaa kimya. Msichana wangu wa kazi hata dakika hawezi kutulia."

Mama mkwe alifungua mdomo kusema kwamba huyu si msichana wa kazi, ni mke wa mwanawe. Lakini mgeni alikuwa amekwisha kurudi kwenye arusi, na kumkatiza kungeonekana utovu wa adabu. Mshonaji alibaki anaangalia nondo za dirisha. Hakukasirika sana. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa amevaa gauni alilolishona mwenyewe, lenye mikunjo ya shingoni iliyomchukua jioni tatu, na yule mwanamke alilitazama gauni lote asione mkono wa mtu ndani yake.

*

Mshonaji aliitoa habari yake jioni hiyohiyo wakati wa kula, baada ya kuisogeza sogeza moyoni mchana kutwa.

"Nimepata kazi," alisema. "Kwenye ile karakana wanaposhona mashuka na magauni ya hospitali. Naanza Jumatatu."

Mumewe, ambaye alikuwa mchomeleaji na bado alikuwa na masizi kwenye nyusi, aliacha kutafuna. "Ulienda kuomba lini?"

"Jumanne, nilipotumwa sabuni. Msimamizi alinipa kola niishone. Akaigeuza ndani nje, akaangalia mshono, akasema njoo Jumatatu, zamu ya mchana."

"Ya mchana," wifi akarudia, na kumtupia baba yake jicho.

"Hongera, mwanangu," mama mkwe akasema. "Wengi wanapiga foleni pale mpaka wanachoka."

Gadi alikuwa anatafuta tonge kwenye sahani kwa vidole. Alilipata, akalila, akameza.

"Na redio?" akauliza.

Wifi aliangua kicheko. Mchomeleaji naye akatabasamu, na mama mkwe akatingisha kichwa kama mtu aliyesikia utani wa kawaida wa mumewe. Kisha wakaona uso wa Gadi haukubadilika. Vicheko vikakatika kimoja kimoja.

"Nauliza," Gadi akasema. "Zamu ya mchana ndiyo kipindi chenyewe. Nani atasimama?"

"Nitasimama mimi," wifi akasema haraka, kwa sauti ya mtu asiyetarajia kuchukuliwa kwa neno lake.

"Wewe? Wewe ukisimama inalia kama paka. Tumekwisha kujaribu."

Walikuwa wamejaribu kweli. Walijaribu pia kuihamishia redio chumba cha nyuma, ambako haikushika kitu. Kila mtu wa nyumba alikuwa amesimama pale dirishani siku moja au nyingine, na kila mmoja aliharibu. Ndipo ikakubalika nyumbani, bila mtu kukaa chini na kulipima, kwamba mkwe ana kitu mwilini ambacho redio inakipenda.

"Mimi siombi mengi," Gadi akasema. "Siombi nyama. Siombi nguo. Nimekaa gizani hapa, dunia nzima ninayo kwenye kile kijisanduku. Mkinizimia hicho, mniambie mapema nijue nimebaki na nini."

Mshonaji aliinuka na kukusanya sahani, hata zile zilizokuwa bado na chakula.

*

Mumewe alimfuata uani, akajimwagia maji usoni, na kuzungumza huku amejifunika taulo.

"Subiri kidogo. Mwezi tu."

"Jumatatu nisipotokea wanampa mwingine. Alisema wazi."

"Waambie una dharura."

"Dharura gani?"

"Sema baba anaumwa."

"Baba haumwi."

"Sasa unataka nimwambie nini yule mzee? Kwamba mke wangu amechagua cherehani, wewe baki na mkwaruzo wako?"

"Nataka uniambie mimi," alisema mshonaji. "Mimi nikawaambie nini kule. Kwamba siji kwa sababu mimi ndiye waya wa redio?"

Mchomeleaji alitoa taulo usoni. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulimfanya awe wa kila aliyezungumza naye mwisho. Alimpenda mkewe na alimwogopa baba yake, na kati ya hayo mawili alijua kufanya jambo moja tu, nalo ni kuchomelea vyuma.

Kwa hiyo Jumamosi mchana alirudi kutoka kazini amebeba nguzo ya chuma begani, ya urefu wa mkewe, yenye kitako cha bamba na mkono ulionyooka kuelekea pale ambapo antena ingekuwa. Alikuwa amekata, akaunga, akasaga hadi chuma kikang'aa. Aliisimamisha dirishani kwa uangalifu, na familia yote ikaja kuitazama.

"Huyu ndiye mke mwenza," wifi akasema. "Hali, halali, hajibu. Wifi, umepatikana."

Alikimbia chumbani, akarudi na gauni la mshonaji, lile lenye mikunjo, na kuivika nguzo. Mchomeleaji alicheka. Mama mkwe aliuma midomo asicheke, naye akacheka. Gadi, aliyesikia vicheko bila kujua sababu, alinyoosha mkono na kushika kitambaa.

"Ahsante, mkwe," alisema kwa upole. "Simama hivyohivyo."

Vicheko vilizimika. Mshonaji alikuwa mlangoni, nyuma ya wote. Aliingia, akalivua gauni lake kwenye chuma, akalikunja, akaondoka nalo. Walipowasha redio, ilitoa mvumo mzito kama wa nyuki ndani ya pipa. Mchomeleaji aliipeleka nguzo uani. Kufika jioni ilikuwa imetundikwa nguo za kukauka.

*

Fundi redio alikuja alasiri hiyohiyo, kwa kuitwa na mama mkwe. Alifungua redio, akapuliza vumbi, akagusa hapa na pale, akaifunga.

"Redio nzima," alisema. "Nzima kuliko mimi."

"Mbona haisikiki mpaka yeye awepo?" mama mkwe akamwonyesha mshonaji.

"Nani huwa anaigeuza antena?"

"Yeye."

"Mwingine?"

"Hakuna mwingine. Yeye ndiye anayeijua."

Fundi alicheka hadi akaketi. "Basi mmejitengenezea wenyewe. Mwili wa mtu ni maji na chumvi, na mawimbi yakipita karibu na maji na chumvi yanapinda, yanajikusanya, yanafanya yanavyotaka. Huyu dada akigeuza antena yupo hapo, yumo ndani ya hesabu. Nyinyi mnapiga kelele, hapohapo! Anaachia. Lakini mmetega antena pamoja na yeye. Akiondoka, ameondoka na nusu ya antena."

"Ndicho nilichosema siku zote," Gadi akasema. "Ni yeye."

"Ni yeyote, mzee. Mngemzoesha mwingine tangu mwanzo ingekuwa huyo. Ungesimamisha hata ng'ombe hapa ukaitega naye, ingemtaka ng'ombe."

"Sisi hatuna ng'ombe. Tuna mkwe."

Fundi alimtazama mshonaji kwa mara ya kwanza, akaacha kucheka. Alisema dawa ya kweli ni kupandisha waya juu ya bati. Mama mkwe akamweleza kwamba mwenye nyumba hataki hata ndege atue juu ya bati lake, achilia mbali mtu na waya. Fundi alimaliza chai, akaaga. Wifi alikuwa tayari amepata jina jipya. "Nusu Antena," aliita kutoka jikoni, "njoo ukoroge uji."

Mshonaji alikoroga uji. Alikuwa anafikiria kitambaa kinachovutika. Ukishona kitambaa cha namna hiyo kikiwa kimenyooka sawasawa, ukikiachia kinajikunja na nguo inaharibika. Lazima ukishone kikiwa kinaonekana vibaya chini ya mkono wako, ili mkono ukiondoka kikae vizuri.

*

Jumapili, Gadi alipopelekwa kuoga na mwanawe, mama mkwe alimkuta mshonaji dirishani, redio imewashwa, antena mkononi.

"Unafanya nini?"

"Naiharibu, mama."

Aligeuza antena hadi ikatoa mkwaruzo mtupu, kisha akarudi nyuma hadi mlangoni. Mkwaruzo ukabadilika kidogo. Akarudi, akaigeuza tena, akatoka tena. Mama mkwe alisimama kwenye korido anasikiliza. Hapo mwanzo hakuelewa. Mara ya nne au ya tano, mshonaji alipovuka kizingiti, sauti ya mwanamume anayesoma bei za nafaka ilitokea ghafla, kavu na safi, ndani ya chumba kisicho na mtu.

"Wee!" mama mkwe akasema, na kujishika kifua.

Walitazamana kama wezi.

"Sikia," mama mkwe akanong'ona. "Nguo nitafua mimi. Kupika nitapika. Huyu wifi yako nitamtoa kitandani kwa ufagio. Kitu kimoja tu nisichokiweza ni kusimama hapo, miguu yangu imekwisha. Kama hiki umekiweza, nenda kazini."

Lakini Gadi alirudi kutoka kuoga, akaongozwa hadi kwenye kiti chake, na alipoketi tu mtu wa nafaka alimezwa na mkwaruzo.

"Nani ameigusa?" akafoka. "Mkwe! Njoo uitengeneze!"

"Na yeye yumo kwenye hesabu," mama mkwe akasema taratibu.

Mshonaji alikuja, akashika antena. Alijaribu kuigeuza kuelekea upande mbaya, Gadi akiwa amekaa palepale. Mkwaruzo ulipanda ukawa kama mafuta yanayokaangwa.

"Unaharibu! Rudisha!"

"Baba, kidogo tu, nataka..."

"Rudisha, nimesema! Mtu anasikiliza, wewe unachezea!"

Akairudisha. Sauti ikatoka safi, na akasimama nayo hadi habari zikaisha. Alielewa sasa kilichobaki. Kuigeuza angeweza. Ila mzee mwenyewe angepaswa kuketi ndani ya mkwaruzo bila kupiga kelele, kwa muda wa mtu kutoka dirishani hadi mlangoni, na katika nyumba hii hakuna aliyewahi kumwomba avumilie kitu.

Jioni mumewe alikuwa anajaribu shati safi la kesho. "Nitapita pale karakana asubuhi, niwaambie utaanza mwezi ujao."

"Usipite," alisema mshonaji.

Ilikuwa sauti ya chini, na hakuirudia. Mchomeleaji alisimama na vifungo nusu, kisha akalivua lile shati na kulirudisha kwenye msumari.

*

Jumatatu mshonaji alivaa gauni lake la mikunjo, akafunga kitambaa kichwani, akapanga chakula chake kwenye kopo. Muda wa kipindi ulipokaribia alikwenda sebuleni, akaliweka kopo mezani kando ya redio ili apate kutumia mikono yote miwili. Wengine walikuwa wamejipanga koridoni.

"Umevaa viatu," Gadi akasema. Alikuwa amezisikia hatua.

"Ndiyo, baba. Naenda kazini."

Mzee alishika mikono ya kiti. "Kwa hiyo mmekwisha kuamua."

"Nimeamua mimi. Baba, nitaikwaruza redio. Nitaikwaruza makusudi, vibaya sana, halafu nitaondoka. Nakuomba usiseme kitu mpaka nifike mlangoni."

"Makusudi?"

"Makusudi."

"Na wanaanza kusoma sasa hivi!"

"Najua. Huenda ukakosa majina mawili matatu."

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwambia Gadi kwamba atakosa kitu. Kinywa chake kilifunguka. Kwenye redio wimbo wa kufungulia kipindi ulikuwa unapiga, safi kabisa, kwa sababu mkwe alikuwa amesimama mahali pake. Mzee alihesabu kichwani, kama alivyokuwa akihesabu mabehewa yakimpita, kitu alichokuwa nacho na kitu alichokuwa anaombwa. Hesabu haikumpa jibu. Akafunga kinywa.

Mshonaji aligeuza antena. Wimbo uliraruka, ukawa mkwaruzo, na ndani ya mkwaruzo sauti ya mtangazaji ilikuwa inasema kitu, jina la mtu labda, halishikiki. Vidole vya mzee vilikaza kwenye kiti hadi kucha zikawa nyeupe. Mshonaji aliongeza kidogo, akaachia, akaanza kurudi nyuma polepole akimwangalia. Mkwaruzo haukupungua. Mama mkwe alifumba macho. Mshonaji alifika katikati ya chumba, akapita kochi, akafika kwenye kizingiti, na Gadi alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kufoka.

"...na wote waliokuwa kituo cha juu," alisema mtangazaji, "wanasalimiwa na mpiga kengele wao wa zamani, anasema bado yu hai, msimzike mapema."

Gadi aliiachia ile pumzi. Alibaki ameinamisha kichwa kuelekea redio. Mchomeleaji alimshika mkewe bega, akaondoa mkono upesi, kana kwamba hata hapo koridoni angeweza kuharibu.

Mshonaji alitoka nje. Alikuwa amefika kwenye lango alipokumbuka kopo lake la chakula. Alisita, akarudi. Aliingia sebuleni kwa kunyata na kunyoosha mkono kadiri alivyoweza, lakini alipolifikia kopo, mtangazaji alikwisha kuzama kwenye mkwaruzo.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, baba. Nimesahau chakula."

"Chukua basi. Unaniziba."

Alilichukua. Gadi aliinua uso kuelekea pale alipokuwa amesimama, na kwa mara ya kwanza aliyetazamwa alikuwa yeye, si redio.

"Mkwe," alisema.

"Naam."

Alikuwa na la kusema. Lilikuwa limefika karibu kabisa na ulimi, nalo halikuhusu redio. Lakini alizungumza wakati antena inakaanga mafuta, na mle ndani ya kelele alisikia mtangazaji anaanza orodha ya watu wa mabehewa ya nyuma.

"Nenda, nenda," akamwashiria kwa mkono wote. "Toka hapo. Nitakwambia ukirudi."

"Haya, baba. Nikirudi."

Alitembea hadi mlangoni. Nyuma yake majina yalianza kusikika, moja baada ya jingine, na mzee alikuwa anayaitikia.